Mizani ya Viazi

Siku ya kwanza tulidunga viazi.
Wanawake kumi na mmoja, wanaume wawili,
darasani chini ya mabati, huko juu Chillkapata
ambako maji huchemka kabla hayajawa moto vizuri.
Mwalimu Hermógenes alitugawia mabomba ya sindano,
maji ya rangi, na kiazi kimoja kila mtu.
"Ngozi yake haipishani sana na ya alpaka," alisema.
"Ila kiazi hakitemi mate."

Tulicheka. Kisha akataka hesabu.
Mililita moja kwa kila kilo kumi:
mnyama wa kilo hamsini na nne apewe ngapi?
Mimi shule niliiacha darasa la nne, nikafuata mifugo.
Jibu niliandika kiganjani,
nikalifuta kwa mate,
nikaliandika tena.
Jicho si mizani, alisema mwalimu.
Jicho likimpenda mnyama humwongezea nyama.

Maneno hayo yakamfikia shemeji yangu Leoncio.
Jioni alikuja kusimama mlangoni:
"Wazee walichunga bila tarakimu,
leo Fortunata apime alpaka kama sukari ya dukani!"
Sikumjibu.
Nilikuwa na kipimajoto mfukoni
na nilishafundishwa pa kukichomeka.

Nikajifunza kope: ukiivuta ya chini ikawa nyekundu, shukuru;
ikiwa nyeupe kama karatasi, minyoo imeshakula.
Nikajifunza kuhesabu pumzi ubavuni, saa mkononi,
kuchovya kitovu kibichi ndani ya ayodini,
kumsukumia mtoto chuchuni aipate dang'a
kabla jua halijavuka utosi.
Kwamba chupa iliyosahauliwa juani
ni maji tu yenye lebo.
Kwamba mikono inanuka dawa ya upele siku tatu,
na mume anageukia ukutani.

Februari ilishuka mvua ya mawe.
Eulogia aliniita: mtoto mweupe, wa siku tano,
kichomi, masikio yamelala.
Mizani niliiacha nyumbani, ng'ambo ya mto,
na mto ulikuwa umejaa.
Nikamtazama. Nikakadiria.
Kulipopambazuka alikuwa mgumu kama kuni.

Ni dawa? Ni baridi? Ni mimi?
Mwalimu hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.
Alinisogezea daftari na kalamu.
Safu ya tarehe, nikajaza. Safu ya jina la mwenye mali, nikajaza.
Safu ya uzito
nikakaa nayo mpaka taa ikaanza kufifia,
halafu nikaandika: *kwa jicho.*
Ndivyo ilivyobaki mpaka leo, kwa mwandiko wangu mbaya.

Eulogia alimchuna bila kusema kitu,
ngozi akaianika juu ya ukuta wa zizi.
Wiki nzima nilipita njia ya mbali.

Cheti hakijaja. Wanasema kiko Cusco, kinasubiri muhuri.
Lakini usiku mmoja wa Machi
mbwa walibweka ule mbweko wa kumjua mtu,
nami nikafungua.
Leoncio, maji yakimtiririka ukingoni mwa kofia,
na chini ya poncho yake kitu kinakoroma.
Hakusema samahani.
Hakuna aliyemwomba.
Nilimlaza mgonjwa juu ya blanketi langu,
kurunzi nikaishika kwa meno,
kidole ubavuni, nikahesabu dakika nzima.
Nikaitoa kurunzi kinywani ili niulize

"Sita na robo tatu,"
akasema, macho yake ukutani.
"Nimempima kwa mizani ya viazi.
Mara mbili."

Nikavuta dawa, pungufu kidogo ya mstari wa saba,
nikagonga bomba kwa ukucha
mpaka kiputo kikapanda, kikatoka.